Kisukari kwa watoto: Si malaria, si uchawi, na hakisubiri kesho

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wanapolisikia neno kisukari, picha inayowajia ni ya mtu mzima mwenye kitambi, aliyeambiwa na daktari apunguze wali na soda. Ni wachache wanaomfikiria mtoto wa miaka saba wa Mbagala au Bunju, mwembamba, anayekimbizana na wenzake uani, ambaye asubuhi na jioni lazima achomwe sindano ili aione wiki ijayo.

Mtoto huyo yupo. Yupo Temeke, yupo Kinondoni, yupo katika vitongoji vipya vya pembezoni ambako lami haijafika na umeme hukatika. Maisha yake yanategemea dawa moja, nayo inapatikana nchini. Hata hivyo watoto wa aina yake bado hupoteza maisha, na mara nyingi sababu ni mwanya: siku chache ambazo ugonjwa haukutambuliwa, au siku chache ambazo sindano ilikatizwa.

Makala haya yanaeleza mianya hiyo ilipo na jinsi familia ya kawaida ya mjini inavyoweza kuiziba.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Ugonjwa huu huitwa kisukari cha aina ya kwanza. Hautokani na kula sukari nyingi, hauambukizi, na hakuna kosa alilolifanya mama wakati wa ujauzito lililouleta. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huzigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziharibu.

Insulini ndiyo inayoiwezesha sukari iliyomo katika damu kuingia ndani ya seli na kuwa nguvu. Inapokosekana, sukari hujaa katika damu huku mwili ukiwa na njaa, mfano wa ghala lililojaa mahindi ambalo funguo zake zimepotea. Mwili hujaribu kujiokoa kwa kuchoma mafuta yake wenyewe, na mabaki ya mafuta hayo, yaitwayo ketoni, huigeuza damu kuwa na asidi. Hali hiyo, ambayo kitaalamu huitwa ketoasidosi, huweza kumuua mtoto ndani ya siku chache.

Hapa ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na kisukari cha watu wazima walio wengi. Mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili huwa bado ana insulini kiasi, hivyo anaweza kutibiwa kwa vidonge, mazoezi na mpangilio wa chakula. Mtoto wa aina ya kwanza hana, au karibu hana kabisa. Vidonge vya babu yake havimfai, na kumnyima wali hakutamponya.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata ugonjwa huu hakuwa na tumaini. Wanasayansi wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na Frederick Banting na Charles Best, waligundua insulini mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa dawa hiyo. Alikuwa amebaki mifupa mitupu, akinyemelewa na kifo. Aliishi miaka mingine 13.

Takwimu za Muhimbili

Dar es Salaam ina historia yake katika jambo hili. Madaktari wa Muhimbili waliwaandikisha wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari kati ya mwaka 1981 na 1987, wakawafuatilia. Miongoni mwa wale waliohitaji insulini, takriban 7 tu kati ya kila 10 walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka 5. Ketoasidosi na maambukizi yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo hivyo.

Utafiti mwingine wa jijini humo, uliohusu miaka ya 1982 hadi 1991, ulionyesha kwamba ugonjwa huu ni wa nadra kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 20: wagonjwa wapya hawakufikia hata mmoja kwa mwaka katika kila watu 100,000 wa umri huo. Lakini hesabu ya namna hiyo huwahusu waliofika hospitali na kupimwa. Mtoto aliyefariki nyumbani akidhaniwa kuwa na malaria kali hahesabiwi popote.

Uhaba huo wenyewe ni sehemu ya hatari. Mhudumu wa zahanati anayeona watoto kumi wenye homa kila asubuhi anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na mtoto mwenye kisukari. Siku atakapofika, ni rahisi apite bila kutambuliwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watoto na vijana 99 waliokuwa wakitibiwa Muhimbili ulionyesha kwamba wengi wao waligunduliwa wakiwa tayari wamefikia hatua ya ketoasidosi. Maana yake ni kwamba dalili za awali zilionekana nyumbani na shuleni, pengine hata katika kituo cha afya, na hakuna aliyezisoma.

Mwanya wa kwanza: Kabla ya kupimwa

Dalili za mwanzo ni nne, na kila mzazi anaweza kuzikumbuka. Mtoto hukojoa sana, mchana na usiku. Huwa na kiu isiyokatika. Hukonda ingawa anakula. Huchoka, akakosa hamu ya michezo aliyokuwa akiipenda.

Alama iliyo wazi zaidi ni ya mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena. Katika nyumba nyingi mtoto huyo huchekwa na nduguze, huchapwa, au hunyimwa maji ya kunywa kuanzia magharibi. Kumnyima maji mtoto ambaye mwili wake unayapoteza kwa kasi ni kumsogeza karibu na hatari. Wakati mwingine mama huona sisimizi wamekusanyika mahali mtoto alipokojoa, naye akalitafsiri jambo hilo kwa namna nyingine, ilhali ni sukari iliyomwagika na mkojo.

Ugonjwa unapozidi, mtoto hutapika, hulalamika tumbo, hupumua kwa nguvu na haraka kama aliyekimbia, na pumzi yake hutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mwisho huchanganyikiwa na kupoteza fahamu. Katika jiji hili dalili hizo hupewa majina mengi: malaria, homa ya matumbo, nimonia, minyoo, mkono wa mtu.

Njia ya kuzuia kosa hilo ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Tone moja la damu ya kidoleni huonyesha kiwango cha sukari kwa muda usiozidi dakika moja. Kiwango cha milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, kikipatikana saa yoyote kwa mtoto mwenye dalili hizo, kinatosha kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Mzazi anayempeleka mtoto kupimwa malaria ana haki ya kusema: "Daktari, naomba umpime na sukari." Ombi hilo fupi limeshaokoa maisha ya watoto.

Mwanya wa pili: Nafuu ya udanganyifu

Mtoto akishagunduliwa na kuanza insulini, mabadiliko huonekana haraka. Uzito hurudi, mashavu hujaa, anaanza tena kucheza. Kisha, baada ya wiki au miezi michache, katika watoto wengi hutokea jambo ambalo wazazi wasiolielezwa huliona kama muujiza: kiwango cha insulini anachohitaji hupungua sana.

Sababu yake inajulikana. Seli chache za kongosho zilizonusurika hupata nafasi ya kupumua baada ya sukari kushuka, nazo hufanya kazi tena kwa muda. Kipindi hicho kinaweza kudumu wiki kadhaa, miezi, hata mwaka kwa baadhi ya watoto. Lakini hakidumu. Seli hizo nazo huharibiwa, na mahitaji ya insulini hurudi palepale.

Kama katika miezi hiyo familia ilikuwa pia ikitumia mizizi kutoka kwa mganga, au ilikuwa katika maombi, ni rahisi kuamini kwamba mtoto amepona. Sindano huachwa. Ketoasidosi hurudi, safari hii kwa kishindo, kwa mtoto ambaye wazazi wake walidhani wameshavuka.

Hakuna daktari mwenye busara anayemkataza mzazi kumwombea mwanawe. Kinachoombwa ni kimoja: maombi yaende pamoja na sindano, na yasichukue nafasi yake. Mpaka leo hakuna mzizi, mti wala maji ya kunywa yaliyothibitishwa kuirudisha insulini kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Kupunguza dozi ni kazi ya kliniki baada ya kuona vipimo.

Mwanya wa tatu: Friji, joto na daladala

Mtoto anayechomwa sindano 2 kwa siku huchomwa mara 730 kwa mwaka. Akipimwa sukari mara 3 kwa siku, hutumia vijiti vya kupimia 1,095 kwa mwaka. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini kazi kubwa ya mzazi ni mipango.

Insulini ni protini. Joto kali huiharibu, na barafu huiharibu vilevile. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Ikishafunguliwa, chupa nyingi hutumika kwa takriban wiki 4 tu, hata kama dawa bado imo. Chupa ya kawaida ya mililita 10 huwa na yuniti 1,000. Mtoto mdogo anaweza asiimalize katika muda huo, na mzazi huona uchungu kuitupa. Ni vyema kuandika tarehe ya kufungua juu ya chupa kwa kalamu ya wino.

Wapangaji wengi wa Tandika, Manzese au Kigogo hawana friji, hivyo huomba kuhifadhi dawa kwa jirani au dukani. Hapo kuna tahadhari moja: friji la biashara linalogandisha barafu za watoto linaweza pia kuigandisha insulini. Iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Iwekwe mbali na sehemu ya kugandishia, ndani ya kikopo chenye mfuniko na jina la mtoto.

Pasipo friji, mtungi husaidia. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, kati yake hujazwa mchanga unaoloweshwa maji kila siku, na dawa huwekwa katika chungu cha ndani ikiwa ndani ya kifungashio kisichopenya maji. Maji yanapovukiza, joto hushuka. Ni maarifa yaleyale yaliyopoza maji ya kunywa ya bibi zetu.

Sayansi imeanza kuwapa moyo wazazi wa nchi za joto. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto halisi katika nyumba za wakimbizi wa kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, ambako hupanda na kushuka kati ya nyuzijoto 25 na 37. Walipoijaribu insulini katika hali hiyohiyo maabara, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba aina walizozipima zilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Hiyo si ruhusa ya kuiacha juani au chini ya bati saa nane mchana. Ni hakikisho kwamba nyumba isiyo na friji inaweza kumlea mtoto huyu bila hofu ya kila saa.

Safarini, dawa isiachwe kwenye begi lililopigwa na jua dirishani mwa daladala, wala isiwekwe juu ya barafu. Familia inayokwenda mkoani kwa msiba au sikukuu ibebe dawa ya siku zaidi ya zile inazotarajia kukaa, kwa kuwa misiba huongezeka siku na mabasi huharibika njiani.

Aidha, mabomba ya sindano ya insulini yana alama za yuniti. Bomba lazima lilingane na nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa, ambayo kwa kawaida ni yuniti 100 kwa mililita. Kuazima bomba la aina nyingine kunaweza kumpa mtoto dozi kubwa au ndogo kuliko ilivyokusudiwa.

Mwanya wa nne: Shuleni na uwanjani

Wazazi huogopa sukari kupanda. Lakini insulini ikizidi chakula, sukari hushuka, nayo hiyo ni hatari ya dakika chache. Mtoto hutetemeka, hutokwa na jasho baridi, huona njaa ya ghafla, hukasirika bila sababu au huonekana kama aliyelewa. Asiposaidiwa anaweza kupoteza fahamu na kupata degedege.

Chini ya milimoli 4 kwa lita, au dalili zikionekana hata kama kipimo hakipo, apewe sukari mara moja: vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Watoto wadogo hupewa kiasi kidogo zaidi kama kliniki itakavyoelekeza. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na akiwa bado chini arudiwe. Kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu hapewi kitu chochote mdomoni. Hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali.

Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu asiyejua atamwona mtoto huyo kama msumbufu, kwa kuwa mara anaomba kwenda chooni, mara anatafuna kitu darasani, mara anasinzia. Kabla muhula haujaanza, mzazi amwone mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa ana kwa ana, na mtoto awe na kadi ndani ya begi yenye maneno machache yanayoeleweka, kwa mfano:

"Nina kisukari. Nikitetemeka, nikitokwa na jasho au nikionekana nimelewa, nipeni sukari au soda haraka. Msiniache peke yangu. Nikizimia msinipe kitu mdomoni. Nilazeni ubavu, nipelekeni hospitali na mpigieni mzazi wangu." Chini yake iandikwe namba ya simu.

Michezo ni haki yake. Mpira wa chandimu wa jioni hushusha sukari, na athari yake huweza kuendelea hadi usiku wa manane mtoto akiwa usingizini. Siku aliyocheza sana, apimwe kabla ya kulala na pengine ale kitu kidogo. Mzazi anayelala chumba kingine awe na mazoea ya kumgusa usiku huo. Shuka lililolowa jasho ni ishara ya kumwamsha na kumpima.

Chakula cha nyumbani hakihitaji sufuria ya pekee. Ugali, wali, chapati, viazi, ndizi na mihogo vyote hugeuka sukari mwilini. Linalotakiwa ni kiasi kinachojulikana, saa zinazojulikana, na mboga, maharage au samaki pembeni. Soda, juisi ya miwa, kashata na ubuyu viwe vya nadra, isipokuwa pale sukari inaposhuka, ambapo soda huwa dawa. Bibi anayempa mjukuu andazi kwa siri kwa huruma anapaswa kuelimishwa kwa upole. Andazi lililofichwa ndilo linalovuruga hesabu ya sindano.

Kabla ya kupima, mtoto anawe mikono kwa maji na sabuni. Kidole kilichoshika embe kinaweza kuonyesha sukari ya juu ambayo haimo katika damu, na mzazi akaongeza dozi isiyohitajika.

Mwanya wa tano: Siku ya homa

Mtoto ana malaria au mafua makali. Hataki kula, ametapika mara mbili. Mama anafikiri: kama hali, nikimchoma sindano sukari itashuka, afadhali leo nisimchome. Fikra hiyo ina mantiki, na ndiyo inayowapeleka watoto wengi katika ketoasidosi.

Mwili unaopambana na maradhi huhitaji insulini hata bila chakula, mara nyingi zaidi ya siku za kawaida. Kanuni ni kwamba insulini haiachwi kabisa. Dozi inaweza kurekebishwa kwa ushauri wa kliniki, sukari ipimwe kila baada ya saa chache, na mtoto anywe maji kidogo kidogo mfululizo. Akiwa hawezi kula, vinywaji vyenye sukari kiasi huweza kuchukua nafasi ya chakula. Kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi au usingizi usio wa kawaida ni safari ya hospitali usiku huo huo, bila kusubiri kupambazuke.

Dawa ipo, lakini nani anaifuata?

Kliniki za kisukari zipo Muhimbili na katika hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Mwananyamala na Amana. Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, kimefanya kazi kwa miaka mingi na Serikali kueneza huduma hizo. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009 na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark pamoja na washirika wake, umewapa watoto na vijana wa Tanzania insulini, vipimo na mafunzo bila malipo katika kliniki zinazoshiriki. Sera ya misamaha ya nchi nayo inayataja magonjwa sugu, kisukari kikiwamo, miongoni mwa yanayostahili huduma bila malipo katika vituo vya umma.

Mzazi ambaye mwanawe amegunduliwa aulize wazi wazi, siku ya kwanza, kama kliniki hiyo ina mpango wa watoto. Kuna familia zilizouza vitu vya ndani kununua dawa dukani, ilhali mwanawe angeweza kuandikishwa.

Hata hivyo dawa ya bure ina nauli. Mkazi wa Chamazi hupanda daladala hadi Rangi Tatu, kisha nyingine. Hupoteza siku ya kibarua, hufunga genge. Mwezi ambao biashara ni mbaya, safari ya kliniki ndiyo ya kwanza kuahirishwa. Kwa sababu hiyo chupa ya akiba isiyofunguliwa nyumbani ni jambo la lazima, na siku ya kuifungua hiyo ya akiba ndiyo siku ya kwenda kuchukua nyingine.

Mzigo usiwe wa mtu mmoja

Katika nyumba nyingi kazi hii yote humwangukia mama. Yeye ndiye anayeamka usiku, anayechoma, anayekwenda shuleni, na mara nyingi ndiye anayelaumiwa kwamba ugonjwa umetoka kwao. Mama huyo akiugua au akisafiri, hakuna mwingine anayejua kuvuta dawa kwenye bomba. Huo nao ni mwanya.

Kila nyumba yenye mtoto wa namna hii inahitaji watu wazima wasiopungua wawili wanaojua kupima, kuchoma na kutambua sukari iliyoshuka. Baba awe wa kwanza kujifunza. Dada wa kazi, shangazi, au jirani wa mlango wa pili awe wa tatu. Kliniki hufundisha yeyote anayefika, na somo lenyewe huchukua muda mfupi.

Mtoto naye hufundishwa kwa umri wake. Wa miaka mitano anaweza kuchagua kidole cha kutobolewa. Wa miaka kumi anaweza kujichoma akisimamiwa. Kijana wa miaka kumi na tano anaweza kufanya yote, lakini huo ndio umri wa kuchoka, wa kuona aibu mbele ya wenzake, wa kuandika vipimo vya uongo kwenye daftari ili asigombezwe. Wasichana husikia maneno kwamba hawataolewa wala kuzaa, jambo ambalo si kweli, mradi sukari itunzwe na ujauzito ufuatiliwe na madaktari.

Mzazi anayegomba kila anapoona namba kubwa hufundisha mtoto kuificha. Afadhali kuuliza: "Mwanangu, leo imepanda, tufanye nini?" Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita, kitaueleza ukweli hata hivyo. Macho na figo huanza kuathirika kimya kimya pale sukari inapobaki juu kwa miaka, kwa hiyo navyo vichunguzwe kama kliniki inavyopanga.

Leonard Thompson aliingia hospitali mwaka 1921 wakati dawa haijapatikana kwa mgonjwa yeyote duniani. Mtoto wa Yombo au Mabwepande wa leo amezaliwa katika jiji lenye dawa hiyo. Kati yake na dawa kuna mambo machache yanayojulikana: kipimo kisichoombwa, nauli isiyopatikana, mwalimu asiyeambiwa, homa iliyosababisha sindano kuachwa. Kila moja lina mtu anayeweza kulirekebisha, na mara nyingi mtu huyo anaishi nyumba ileile au mtaa uleule na mtoto. Tofauti kati ya kumzika mtoto na kumwona akihitimu huweza kuwa ni tone moja la damu lililopimwa mapema.